Chumba Hakijui Kusi wala Kaskazi

Vijana wanne walikuwa wanashona nyavu chini ya mkungu, upande wa Msangamkuu, si mbali na kinapofunga kivuko. Nilisimama kupumzisha magoti. Baada ya shikamoo na marahaba nikauliza swali ambalo miaka mingi ya kazi ya mipango miji imenizoesha kuliuliza kila niendako: mnakaa wapi? Mmoja akanyoosha kidole kwenye mashua iliyopwelewa mchangani. Mwenzake akacheka. "Mzee, si ndiyo hapa? Leo tupo hapa, wiki ijayo Msimbati. Huko mbele anajua Mungu na nahodha." Nikadhani wamekosa chumba. Kumbe walikuwa nacho, Magomeni ya Mtwara mjini, wakikaa wote wanne, na wakakiacha wenyewe kodi ikiwa imebaki miezi miwili. Godoro wakaliuza.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa sababu taaluma yangu haina pa kuliweka. Tunapochora mpango wa mji tunachukua idadi ya watu, tunagawanya kwa ukubwa wa kaya, tunatoa nyumba zilizopo, na kinachobaki tunakiita upungufu. Mtu aliyerudisha ufunguo kwa hiari yake akaenda kulala chini ya tanga na rafiki zake, hesabu hiyo inamsoma sawasawa na aliyetolewa vyombo nje. Mimi nadhani alikuwa amepiga hesabu vizuri kuliko sisi.

Tuipige pamoja naye. Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 240,000, na wapo wanaotaka ya mwaka. Dalali naye yuko mlangoni, chake ni kodi ya mwezi mmoja. Zimeshatoka 280,000 kabla hujanunua ndoo ya kuogea. Mwalimu mwenye mshahara ataumia, atakopa, mwisho atazoea. Baharia pesa yake haiji namna hiyo. Anayevua kwa taa hutoka gizani na kupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Wa mshipi huangalia bamvua na maji mafu. Katikati ya mwaka, kusi ikikaza, vyombo vidogo hukaa juu siku nyingi. Na hata siku njema, samaki wakishauzwa hutolewa kwanza mafuta, barafu na chakula, fungu la chombo na nyavu huenda kwa tajiri, ndipo kilichosalia wakagawana mabaharia. Upo usiku wa kurudi na 60,000, na ipo wiki ya kurudi na kitoweo tu. Chumba hakijui kusi wala kaskazi. Kinakula kila siku, mwenyewe awepo asiwepo.

Na mara nyingi hayupo. Wale wanne walipokwenda kambini Msimbati wakakaa wiki saba, kule Magomeni walikuwa wanalipia kufuli.

Tusimrukie mwenye nyumba. Nyumba nyingi za uswahilini zimeinuka kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwakani, mabati korosho zikiuzwa. Benki haikuhusika. Kodi ya miezi sita ndiyo inayonunua mabati, kwa hiyo mpangaji ndiye benki yenyewe. Anamkopesha mwenye nyumba fedha ya ujenzi bila riba, kisha analipwa kwa kulala. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, pamoja na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi na muda vimekuwa makubaliano ya watu wawili, mmoja wao akiwa ameshika ufunguo.

Mtwara si ghali kama Dar es Salaam. Ni ghali kwa mtu wa msimu, na karibu kila mtu hapa ni wa msimu: mvuvi, kuli wa bandarini, mbanguaji, mkulima anayengoja mnada. Tangu mwaka 2007 korosho zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, na minada huanza Oktoba. Mwaka 2018 wakulima walipoikataa bei na serikali ikaamua jeshi linunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalichelewa, na nakumbuka wenye nyumba wa mjini waliokuwa wakiulizana kama wanajeshi wamefika kijiji fulani, kwa sababu mpangaji wao alikuwa mtoto wa mkulima wa huko. Mji wote unaishi kwa majira, ila mkataba wa chumba umeandikwa kana kwamba kila mtu ni karani.

Pengine ni asili ya mji wenyewe. Mtwara ilichorwa kwa ajili ya wageni. Waingereza walipotaka kulima karanga Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya 1940, walihitaji bandari ya kina kirefu kuliko Mikindani. Wakaja huku wakachora barabara pana na viwanja vikubwa, nafasi tele kati ya mtaa na mtaa. Mpango wa Karanga ukafa mwaka 1951. Reli waliyoijenga kwa ajili ya mpango huo ikafungwa mwaka 1962. Nafasi zikabaki, na hadi leo mgeni hupita katikati ya mji akiuliza mji wenyewe uko wapi.

Wageni wa pili walifuata gesi. Ya Mnazi Bay ilikuwa imegunduliwa tangu mwaka 1982, lakini ni visima vya bahari kuu, kuanzia mwaka 2010, vilivyofanya nyumba za Shangani zitajiwe bei kwa dola. Watu walihamia vyumba vya uani ili nyumba ya mbele ipigwe rangi ikamngoje mtaalamu. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, mji ulichafuka kwa hasira ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Mwaka uliofuata bei ya mafuta duniani ikaporomoka, kampuni zikapunguza watu, na mtambo mkubwa wa gesi kimiminika ukawa umepangiwa Likong'o, Lindi. Oktoba 2015 vilizinduliwa mtambo wa gesi wa Madimba na kiwanda cha saruji cha Dangote. Wageni walioongezeka kwa wingi baada ya hapo ni madereva wa malori ya saruji, nao wanalala ndani ya malori. Nyumba za matarajio zikakaa tupu zikiwa na matangi na mageti yake. Hazikumpunguzia baharia chochote. Hazikuwa zimejengwa kwa ajili yake.

Sasa, pwani hii ilikuwa na dawa yake kabla Mwingereza hajafungua karatasi. Inaitwa dago. Ni kambi ya wavuvi waliotoka kwao wakafuata samaki na pepo. Wapemba na Wamakunduchi wamepiga dago pwani ya bara tangu enzi za babu zao, wakishuka Mafia, Kilwa na huku kwetu; wetu nao, kabla ya mambo kuharibika, walivuka maingilio ya Ruvuma wakaenda hadi Palma na Mocímboa da Praia, Msumbiji. Dago halihitaji kitu kikubwa: turubai au makuti, miti michache, mafiga matatu, pipa la maji. Asiyetoka baharini siku hiyo anapika na kulinda. Samaki wasiouzwa wanapasuliwa na kukaushwa ng'onda. Chakula ni sinia moja, na deni la mmoja mgahawani linajulikana na wote.

Asiyelijua dago hudhani ni fujo. Lina utaratibu wake, na kwa maoni yangu una nguvu kuliko mikataba mingi ya upangaji niliyoisoma. Wageni wakifika hujitambulisha kwa serikali ya kijiji na kwa kamati ya usimamizi wa rasilimali za bahari, ile BMU. Kutoka Msangamkuu hadi mtoni wamo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye kilomita za mraba 650, kwa hiyo na watu wa hifadhi wana neno lao kuhusu nyavu gani zitumike na wapi. Kambi ina mkubwa wake. Mwizi anafukuzwa kambini na habari zake zinamtangulia kambi inayofuata. Kisha msimu unakwisha na watu wanarudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nao wanaijua ngama yao iko wapi.

Hapo pa kurudi ndipo penye jambo lenyewe. Kiswahili kinatenganisha vitu viwili ambavyo majedwali yetu ya ofisini yanavichanganya: nyumba na kwao. Ukimwuliza kijana wa dago kwao ni wapi, hatasita hata kidogo. Atakutajia kijiji, na ukimchimba zaidi atakutajia makaburi, mikorosho ya babu, mahali alipochezwa jando. Nyumba yake mwenyewe haitaingia kwenye jibu. Kusini hii ya Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo umefuatwa kwa mama. Katika desturi za zamani mara nyingi kijana aliyeoa ndiye aliyehamia kwa wakwe akajenga huko, na ndoa ikivunjika yeye ndiye aliyebeba panga na mkeka akarudi kwa dada yake. Dini, mikorosho na hati za viwanja vimebadili mengi, sisemi mambo yamesimama. Lakini haya ya mwanamume kukosa nyumba yake, ile aibu ninayoiona Moshi au Bukoba ambako kila mtu lazima ajenge kwao kabla hajazeeka, huku sijaiona ikiwa na makali hayo.

Serikali zetu, ya mkoloni na zilizofuata, hazikuwahi kuelewana na mtu wa aina hii. Angalia neno muhuni. Kamusi za zamani zilimweleza kuwa mzururaji, mtu asiye na makao, na pia kapera. Baadaye likawa neno la mhalifu. Kanuni ya Adhabu bado ina vifungu vya uzururaji, cha 176 na cha 177, na mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi ambayo kwayo vijana walikamatwa mitaani Dar es Salaam na kurudishwa vijijini, wengi kwa sababu tu hawakuweza kuonyesha kazi inayotambulika. Fikra ilikuwa moja: asiye na mlango hana kazi. Miaka michache baadaye barabara za Kariakoo zilijaa vijana wa Lindi na Mtwara wakitembeza bidhaa mikononi, na wengi husimulia kwamba jina machinga limetokana na Wamachinga, watu wa huku kwetu. Walilala kumi katika geto moja, kwa zamu, mwenye zamu ya usiku akirithi joto la mkeka wa mwenzake. Hilo nalo lilikuwa dago, la nchi kavu. Waliliita kwa jina jingine tu.

Wazo hili limesafiri mbali. Cape Town, chini ya barabara ya juu ya Nelson Mandela Boulevard, jirani kabisa na bandari, vijana wa Kitanzania walipiga kambi kwa miaka wakingoja meli za kuzamia. Mwandishi Sean Christie alizoeana nao na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2016. Walijiita "Beachboys", vijana wa ufukweni, wengi wao wakiwa hawajawahi kuandikishwa kazi kwenye meli yoyote, na waliandika kutani majina ya mitaa ya nyumbani, Temeke na Keko. Cape Town ni mji wenye nyumba za bei ya kuogofya, lakini hata chumba cha kitongoji kingewaweka mbali na gati, na meli haimngoji mtu. Walichagua daraja kwa akili ileile ya wale wanne wa Msangamkuu: kaa pamoja, kaa karibu na riziki, usilipie kufuli.

Ila kuna tofauti, na hapa ndipo ninapoachana na wanaoshangilia kila anayelala nje wakimwita mtu huru. Dago lina tarehe ya kurudi. Daraja halina. Aliyekwenda kuzamia akikwama hawezi kurudi mikono mitupu, mama anangoja kontena na majirani wanangoja kucheka. Msimu unageuka mwaka, mwaka unageuka kumi. Kwao kupo, ila njia ya kwenda huko imefungwa na aibu. Mtu huyo namwita asiye na makazi kwa maana kamili, hata kama ana rafiki ishirini pembeni yake. London nako wapo wanaoikwepa kodi kwa kuishi kwenye maboti ya mifereji, na sheria ya huko ya mwaka 1995 inamtaka asiye na gati lake asikae mahali pamoja kupita siku 14. Watu wanailalamikia. Mimi nilipoisoma nilicheka, maana ni dago lililoandikiwa kanuni na bunge.

Turudi Ruvuma. Hiari ya wale wanne ina mipaka ambayo wenyewe hawapendi kuizungumza. Wa kwanza uko kusini mwa mto. Vita ya Cabo Delgado, Msumbiji, ilipoanza Oktoba 2017, dago la upande ule likaanza kufa. Kitaya, huku kwetu, kikashambuliwa Oktoba 2020, na baada ya mashambulizi ya Palma Machi 2021 hakuna nahodha mwenye akili zake aliyetaka kulala kwenye fukwe zile. Kambi zilizokuwa zimetawanyika nchi mbili zikabanana kwenye kipande cha pwani kimoja. Vyoo havikuongezeka, na asiyejua maana ya kambi ya watu wengi bila choo wakati wa masika na aulize mganga yeyote wa zahanati ya pwani.

Mpaka wa pili msomaji makini ameshauona: ninasema vijana na kila mmoja wao ni mwanamume. Wanawake wapo dagoni, tena wengi. Wanapika, wananunua samaki kwa mkopo, wanakaanga, wanachuuza, wanakwenda pweza maji yakitoka. Jua likizama wanaondoka. Anayetoka mbali anatafuta chumba kijijini na kukilipia, wiki nzuri na wiki mbaya, kwa sababu kulala ufukweni kati ya wanaume arobaini si jambo analoweza kulichagua. Na ukifuata mabegi ya mabaharia wetu, vyeti vyao vya shule, suruali ya Idi, simu mbovu, utayakuta chini ya kitanda cha mama, dada au mama ntilie fulani mjini. Nilimwuliza mmoja wa hawa, Magomeni, anatunza mabegi mangapi. Akahesabu kwa vidole akaishiwa. "Na kodi nalipa peke yangu, baba," akaniambia, bila ugomvi wowote sautini. Tangu hapo kila ninaposikia kijana akisema hahitaji nyumba huwa najiuliza ni nyumba ya mwanamke gani inayomwezesha kusema hivyo.

Sensa huhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia Agosti 23, kusi ikivuma. Utaratibu wa kuwahesabu waliolala safarini, kambini na wasio na makazi maalumu upo, na ni utaratibu mzuri. Kinachofuata baada ya kuhesabu ndicho kibaya, kwa sababu watu hawa wakishaingia kwenye jedwali la mkoa wanageuka nyumba zinazopaswa kujengwa. Nyumba hawajaziomba. Niliwauliza wale wanne wangetaka nini kama mji ungewapa kitu kimoja. Hawakutaja kiwanja. Walitaka mahali karibu na feri penye bafu, choo, kabati la chuma lenye kufuli, na kitanda cha kulipia kwa wiki zile ambazo bahari imekataa. Kodi ya wiki. Basi.

Si jambo gumu kulijenga. Eneo lipo, tuliachiwa nafasi na wale wa karanga. Niliwahi kulileta wazo la namna hiyo kwenye kikao katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, mbali na hapa, nikaulizwa kama nataka kuhalalisha uhuni. Nikaeleza historia ya neno lenyewe. Mwenyekiti akaangalia saa, tukahamia ajenda ya taa za barabarani.

Nilipita tena Msangamkuu Januari, kaskazi ikiwa imeshika. Chini ya mkungu nikakuta watatu. Nikamwulizia yule wa nne, mwenye kicheko, nikitarajia habari mbaya. Amepata mtoto Desemba, wakaniambia, na korosho za baba mkwe zimelipwa mapema. Amepanga chumba Magomeni, miezi sita, nyumba ya tatu kutoka kile cha zamani. Bado anatoka nao baharini usiku wa giza, na mabegi ya wote yapo kwake. Ufunguo anakaa nao mkewe.